Bendi ya Behewa la Mwisho

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Bwaise, hapa hapa Kampala, kuangalia nyumba tuliyokulia ikibomolewa. Jirani yetu wa zamani ndiye aliyenipigia simu asubuhi, akaniambia mfereji unapanuliwa na tingatinga limeshafika kwenye choo chetu. Nikamwachia msaidizi duka langu la mitumba pale Nakivubo, nikapanda bodaboda. Nilipofika, ukuta wa mbele ulikuwa umeshalala chini. Chumba chetu kimoja kikubwa, ambacho kilikuwa cha kulia, cha kulala, jiko siku za mvua, na pia ukumbi wa muziki, kilikuwa wazi mbele ya kila mpita njia. Kumbe kilikuwa kidogo mno. Niliona aibu, kana kwamba nguo zetu za ndani zimeanikwa kando ya Bombo Road.

Watu nikiwaambia kwamba katika chumba kile tulikuwa na bendi ya panki, hucheka. Hapa mjini panki wengi wanaijua kuwa ni mtindo wa kunyoa, pembeni kipara na katikati nywele zimesimama. Panki ninayosema mimi, rafiki yangu, ni muziki: muziki wa haraka na wa hasira, gitaa linakwaruza na mwimbaji anapiga kelele badala ya kuimba. Nikiongeza kwamba wanabendi walikuwa baba, mama, kaka na mimi, na kwamba yote yaliletwa na mapenzi ya treni, huniuliza kama nimelewa. Mimi sinywi.

Baba alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa katika behewa la mwisho kabisa akiwa na bendera mbili, ya kijani na nyekundu, na filimbi shingoni. Alikuwa mtu wa kaskazini, mtoto wa askari polisi, aliyekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi, kila sentensi amri. Mama alitoka Kivu, huko Kongo, akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, cha kuvuta maneno na kucheka katikati. Walikutana ndani ya treni iliyotoka Kasese. Mama hakuwa na tikiti, na baba hakumshusha. Hiyo ndiyo sheria pekee ya reli ninayojua kwamba baba aliwahi kuivunja.

Treni za abiria ziliposimama, kazi ya baba ikasimama nazo. Tukatoka katika nyumba za reli, ambako vikombe vilitikisika mezani kila treni ikipita, tukahamia Bwaise, ambako hakuna reli wala dalili ya reli. Kulikuwa na maji tu. Mvua ikinyesha saa moja, tunapandisha kitanda juu ya matofali. Ikinyesha saa mbili, tunapandisha vitu vyote juu ya boriti, na mimi juu ya vitu. Baba alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala, akawa analinda mahindi ya watu. Hakulalamika. Ila Jumapili, badala ya kwenda kusali, alitutembeza mimi na kaka mwendo mrefu kwenda kuangalia reli tupu. Alisimama akaitazama njia upande huu, akaitazama upande ule, kisha akasema, "Haya, turudi." Nilikuwa naona uvivu kwenda na nilikuwa naogopa kukataa, kwa sababu hata mtoto wa miaka kumi aliona kwamba yule mtu alikuwa na msiba.

Basi siku moja mama, ambaye ndiye aliyeanza biashara ya mitumba niliyonayo leo, alifungua belo la nguo akakuta limejaa makoti mazito ya baridi. Nani atanunua koti la manyoya Kampala? Alitukana matusi ya Kikongo ambayo bado nayakumbuka. Kisha akapapasa mifuko, kama wanavyofanya wauza mitumba wote, na katika koti moja jeusi la ngozi akakuta kaseti isiyo na jina. Kaka aliitia kwenye redio jioni, tukiwa tunakula posho, ugali wa kwetu, na dagaa wa mukene. Ilitoka kelele ambayo sijawahi kusikia. Ngoma ilikuwa inakimbia, gitaa linasaga, na mtu anafoka kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mama akasema zima hiyo kitu. Baba akainua mkono. Tonge lilikuwa bado liko kwenye vidole vyake.

"Hii ni mizigo," alisema. "Sikia magurudumu. Hii ni treni ya mizigo inateremka, na breki hakuna." Akaanza kupiga meza, taka-tak, taka-tak, vile magurudumu yanavyogonga maungio ya reli, na iliendana na kaseti bila kosa. Sikuwahi kumwona akitabasamu hivyo tangu tuhame. "Hawa watu anajua treni," akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Baba akajenga ngoma zake kwa pipa la mafuta, jerikeni tatu, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, kama zile kengele za shuleni. Kaka, aliyekuwa na miaka kumi na minane, alipata gitaa la nyuzi nne kutoka kwa Wakongo wa kanisani kwa mama, akaliunganisha na spika ya taksi iliyokufa. Mama alipinga kwa siku tatu, kisha akageuza ndoo, akaweka mti na waya, akawa anapiga besi huku sufuria ya maharage iko jikoni. Mimi nilipewa filimbi na sauti. Jina, Behewa la Mwisho, alilitoa baba, na hakukuwa na kura.

Mazoezi yalikuwa saa kumi na moja, baba akitoka kazini. Huwezi kuamini namna tulivyoendesha mambo. Hakuna wimbo ulioanza kabla baba hajasimama, akatazama kushoto na kulia kama yuko stesheni, akapeperusha bendera ya kijani, akakaa tena haraka kushika vijiti. Kaka akianzisha gitaa mapema, baba alifoka: "Hapana anza! Nani alipeana bendera?" Wimbo wetu wa kwanza ulikuwa majina ya stesheni tu, kwa kupayuka: Tororo! Mbale! Soroti! Lira! Gulu! Pakwach! Wa pili niliutunga mimi, na maneno yake yalikuwa matatu, "Leo posho tena!", yakirudiwa mpaka pumzi inaisha. Hakuna wimbo uliozidi dakika mbili. Jirani, yule yule aliyenipigia simu, alikuwa anakuja mlangoni na mtoto mgongoni. "Banange, nyinyi watu ya leli! Mutoto yangu hapana lala!" Lakini siku tusipopiga alikuja pia, kuuliza nani ni mgonjwa.

Sasa nikueleze habari ya tokeni, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilisimama mbele ya kifusi nikilia wakati watu wazima wananitazama.

Kwenye reli ya njia moja, treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni. Kwa hiyo kati ya stesheni moja na nyingine kulikuwa na chuma kimoja kinachoruhusu kupita, tokeni. Dereva hupewa mkononi, na asipokuwa nayo hasogei, hata kama njia iko wazi mbele yake mpaka macho yanapochoka. Baba katika ujana wake aliwahi kuona taa ya treni nyingine ikija kwenye njia yao wenyewe. Zilisimama zikiwa zimebakiza hatua chache. Hakutaja mahali wala kosa lilikuwa la nani, na akifika hapo katika hadithi alijipangusa uso.

Nyumbani alitengeneza tokeni yake, pete ya chuma pana kama sahani, iliyoviringishiwa kamba pa kushikia. Ilikaa kwenye msumari karibu na mlango. Mwenye tokeni ndiye anayeimba. Na si kuimba tu. Ukiwa na shida, ukiwa na ugomvi, ukitaka kuomba jambo la maana, unachukua tokeni, unakaa nayo mapajani, na wote wananyamaza mpaka umalize. Mama alikuwa anaichukua kumsema baba, na baba, aliyekuwa na hasira za karibu, alisikiliza kichwa kikiwa chini. Mimi niliichukua kuomba viatu. Sijaona nyumba nyingine ambamo watoto walisikilizwa hivyo. Nilidhani kila nyumba ina yake.

Tulipiga mbele ya watu mara moja tu. Wazee wa reli walikuwa na mkusanyiko wao wa mwisho wa mwaka, kwenye uwanja wa kanisa, na baba akatuombea nafasi kati ya sala na chakula. Tulisimama pale, mama na kitenge chake na ndoo, kaka na nywele zake amenyoa panki ya kweli kwa heshima ya siku hiyo. Wazee walitutazama kana kwamba tumeingia msiba usio wetu. Kisha baba akapeperusha kijani, akaanza taka-tak, na mimi nikapayuka Tororo. Tulipofika Soroti, mzee mmoja aliyekuwa dereva alisimama kwenye kiti chake cha plastiki, akanyoosha mkono juu, akavuta kamba ya honi ambayo haikuwepo. Akaivuta tena. Wengine wakaanza kugonga meza. Tulipomaliza walikuwa wanalia, watu wazima wenye mvi, na mmoja akamkumbatia baba na vijiti vyake, akawa anamwambia asante, asante gadi. Pilau lilikuja likiwa limeungua chini, na sijala pilau tamu kuliko lile.

Baada ya siku ile baba aliota ndoto kubwa. Alisema tutapiga Jinja, tutapiga Tororo, tutafuata njia yote stesheni kwa stesheni, mpaka mwisho. Alizungumza hayo akiangalia zaidi kaka. Na kaka alikuwa anaangalia chini.

Nilijua kwa nini. Kaka alinichukua Ijumaa moja kuchota maji, na tukiwa kwenye foleni ya jerikeni akaniambia. "Jumatatu mimi naenda. Nimepata kazi ya ulinzi huko nje, jangwani. Hapana ambia mtu. Mzee nitamwambia mwenyewe, leo jioni, na tokeni." Nikamuuliza na bendi je? Akasema bendi itangoja. Nikamuuliza na mimi je? Akanibebea jerikeni yangu pamoja na yake mpaka nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sikiliza akili ya mtoto. Niliwaza hivi: kaka hawezi kuondoka bila kumwambia baba. Hawezi kumwambia baba bila tokeni. Basi tokeni isipokuwepo, kaka haondoki. Ilikuwa hesabu nzuri kabisa. Mama alipokuwa jikoni niliitoa kwenye msumari, nikapanda juu ya kitanda, nikaisukuma ndani ya gunia la yale makoti ya baridi yaliyokosa mnunuzi, ambalo lilikaa juu ya boriti kwa ajili ya mafuriko. Nikashuka nikajipangusa vumbi, nikaenda kuchambua mchele.

Jioni kaka alinyoosha mkono kwenye msumari, akakuta mtupu. Tuliitafuta wote. Baba aliinua magodoro, mama alipiga magoti akachungulia chini ya kitanda, na mimi nilitafuta kuliko wote, nikatazama hata ndani ya birika. Jumamosi hivyo hivyo. Jumapili jioni kaka alikaa mbele ya baba, akashika magoti yake.

"Baba, kuna neno."

Baba akainua kiganja. "Tokeni iko wapi?"

"Haionekani, baba. Lakini hii neno hapana ngoja."

"Hakuna neno hapana ngoja. Mimi nimengoja kwa loop, kwa njia ya kupishana, masaa tisa, na watu mia tatu ndani. Ngoja mpaka ionekane."

Kaka alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Sijui mpaka leo kama alijua. Nilikuwa naweza kusema neno moja tu pale, nikanyoosha kidole juu, yakaisha. Niliona nimeshinda. Nilijiambia kesho ni Jumatatu, siku itapita, kazi ataipata mwingine.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Gitaa lilikuwa ukutani, nyuzi zimelegezwa, maana aliwahi kusema zikikazwa bila mpigaji shingo ya gitaa inapinda.

Baba hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa mlangoni na chai yake ya kikombe cha bati mpaka ikapoa, akasema, "Amekwenda kama mwizi. Hata neno moja hakunipa." Akaenda kulinda mahindi yake. Jioni saa kumi na moja alipita kando ya ngoma zake bila kuzitazama. Tuliishi hivyo. Jirani alikuja kuuliza nani ni mgonjwa.

Baada ya miezi minne kaka alipiga simu kwa jirani, aliyekuwa mtu wa kwanza upande wetu kuwa na simu ya mkononi. Mama aliongea akilia, mimi nikaongea, nikamwambia nimefaulu hesabu. Kaka akasema, mpe mzee. Nilikimbia na ile simu mpaka kwa baba. Baba alikuwa anapaka viatu rangi. Hakuacha. "Kama ana neno, aje aseme hapa," alisema. Kaka alisikia. Nilimsikia anapumua upande wa pili. Ningeweza kusema siku ile, baba, si kosa lake, mimi ndiye niliyeificha. Nilifungua mdomo. Lakini niliogopa. Niliogopa kipigo, nikaogopa zaidi kile nilichokiona usoni mwake, kwamba angenitazama mimi hivyo. Nikarudisha simu kwa jirani.

Mwaka wa tatu kaka alirudi kwenye sanduku. Ajali ya gari, walisema wenzake, barabara ya mchanga. Tulimzika kaskazini, kwao baba, na baba alisimama kwenye kaburi mikono ikiwa mifukoni. Wakati wanafukia, koleo mbili zilipokezana, na zikaingia katika mdundo mmoja, kama inavyotokea. Niliona bega la baba linataka kufuata. Akalizuia. Tuliporudi Bwaise alimpa muuza vyuma chakavu pipa na kile kipande cha reli, wala hakuuliza bei.

Tokeni niliiacha mle ndani ya gunia. Mafuriko makubwa yalikuja siku tukiwa msibani, maji yakapanda mpaka kwenye boriti, na majirani wakaokoa walichoweza. Gunia halikuwa kati ya vilivyookolewa. Nilifurahi, nasema ukweli. Nilidhani maji yamenifichia.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, mkimya, mwenye adabu, babu mzuri kwa watoto wangu. Mwaka jana alilazwa Mulago, na siku nne kabla hajatutoka, mimi nikiwa namlisha uji kwa kijiko, aliniuliza ghafla, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ile Jumapili, kaka yako alitaka kusema nini?"

Nilikuwa na umri wa kutosha. Nilikuwa na watoto. Hakuna kipigo kilichokuwa kinanisubiri. Nikafuta uji kwenye kidevu chake, nikasema, "Sijui, baba." Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeuliza treni inafika saa ngapi akaambiwa bado.

Basi ndiyo hiyo, rafiki yangu. Hiyo ndiyo niliyokuwa naililia pale Bwaise, tingatinga likila ukuta ambao ulikuwa na ule msumari. Jirani alinishika mkono akasema pole, nyumba ni nyumba tu, akanipa kabalagala mbili za moto, vile vitumbua vya ndizi, nile njiani. Hakuna tena saa kumi na moja yetu. Hakuna anayenipa bendera kabla sijaanza. Watoto wangu wananiambia mambo yao huku wanatazama simu, na mimi nawajibu nikiwa nahesabu suruali, na hakuna anayenyamaza kumngoja mwenzake amalize.

Jioni ile nilikwenda kwa mama, ambaye sasa anakaa kwangu, katika chumba cha nyuma. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya kwao, mzee vile vile, hataki kusagiwa. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote: gunia, boriti, birika nililolichungulia, na jibu nililompa baba Mulago. Nilisema bila kupumzika, na mama hakunikatisha. Nilipomaliza aliweka mchi chini.

"Mwana yangu, miye niliionaka," alisema. "Kesho yake, Jumamosi. Nilikuwa nashusha makoti nipeleke soko. Nikaishika na hii mikono. Kaka yako aliniambiaka mi pia kama anaenda. Nikawaza, bila tokeni hawezi kwenda. Nikairudisha mahali yake, nikaifunika muzuri."

Nilimkumbuka jioni ya Jumamosi ile, amepiga magoti tena, akichungulia chini ya kitanda.

"Na baba?" nikamuuliza. "Hukuwahi kumwambia?"

"Weye ulimwambia?"

Alikuwa na vipande vya majani kwenye vidole, akawa anavitoa kimoja kimoja. Miaka yote ile tumelala nyumba moja, tumepika jiko moja, tumeshika machela moja Mulago, kila mmoja akidhani yuko peke yake nalo. Sasa tunajua wawili, tungeweza kusema hata leo, na waliokuwa wanalingojea lile neno wamelala kaskazini, kaburi kando ya kaburi, bila kuambiana lolote.